Attracta Gilvarry, fundi bomba aliyetafuta maji kwenye kijiji kisicho na watu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mwanamke mfupi aliyevaa gambuti na kofia ya sufu anapiga magoti kando ya barabara ya Kiltarsna. Anafunua mfuniko wa chuma, anashusha fimbo ya mbao mpaka iguse koki iliyo chini, kisha anaweka sikio kwenye ncha ya fimbo na kufumba macho.

Ng'ombe watatu wanamtazama kutoka nyuma ya ukuta wa mawe. Gari la kukusanya maziwa linapita, dereva anainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, ndiyo salamu ya huku. Attracta hamjibu. Anasikiliza.

"Liko sawa," anasema akiinuka na kujipangusa magoti. "Bomba zima hunong'ona. Likianza kuzomea, siku hiyo chai naisikia kwa jirani."

Attracta Gilvarry ana miaka hamsini na minane. Kwa miaka ishirini na sita sasa ndiye fundi bomba wa parokia ya Kiltarsna, magharibi ya Ireland, mahali ambapo mvua hainyimi mtu lakini maji ya kunywa lazima yafuatwe. Mradi ni wa watu wenyewe. Baba zao waliuchimba kwa sululu, na watoto wao wanauendesha kwa kamati ya watu saba wanaokutana kwenye ukumbi nyuma ya kanisa.

Nyumba ni mia mbili na kumi na nne, na mabirika ya kunyweshea ng'ombe yanakaribia idadi hiyohiyo. Fundi ni mmoja tu. Analipwa euro mia nne na kumi kwa wiki, na zinazopungua huzijaza kwa ng'ombe wake kumi na wanne. Anaishi peke yake katika nyumba aliyozaliwa, kijiji cha Carrowmoyle, juu kabisa, mwisho wa bomba.

"Kukaa mwisho wa bomba ni vizuri kwa fundi," anasema. "Nikikosea, wa kwanza kukosa maji ni mimi mwenyewe. Hakuna haja ya kunipigia simu kunitukana."

Kwenye kitabu cha zamani cha kanisa, parokia ya Kiltarsna ina vijiji kumi na kimoja. Leo sita vina watu. Vitano vilivyobaki vina upupu, mawe na majina. Njaa ile kubwa ya viazi kuoza ilipopita, miaka karibu mia na themanini iliyopita, ilifagia, na waliobakizwa na njaa walifukuzwa na mwenye ardhi ili kondoo wapate nafasi.

Lakini bomba halichagui wenye uhai. Limepita katika vijiji vyote kumi na kimoja, kwa kuwa waliochimba walifuata njia walizozijua, na njia walizozijua zilikuwa za babu zao. Kwa nusu kilomita linalala kando ya barabara iliyojengwa wakati wa njaa kwa ujira wa uji, barabara inayokwenda mpaka katikati ya kinamasi na kuishia hapo, haina ilikokuwa inakwenda.

Basi Attracta, katika kutafuta maji, amejifunza kusoma ardhi. Ukiona upupu mnene, anasema, hapo palikuwa na mlango wa mtu na jalala lake. Ukiona nyasi zimepanda na kushuka kama kitambaa kilichokunjwa, hayo ni matuta ya viazi, na walioyalima mara ya mwisho hawakurudi kuvuna. Ukiona matete, chini kuna maji, lakini si lazima yawe maji yako.

Hilo la mwisho ndilo lililomtesa mwaka huu, mwezi wa pili.

Ilikuwa Jumapili baada ya juma zima la baridi kali. Alipanda kilima cha Tullyroe kuangalia tangi akakuta limeshuka futi mbili. Kawaida parokia nzima hutumia lita laki moja na elfu sitini kwa siku. Siku ile zilikuwa zimepita lita laki tatu, na pampu ya ziwani haiwezi kusukuma kiasi hicho hata ikilia.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Kila siku tangi lingeshuka, na siku ya tano maji yasingekuwa na nguvu ya kupanda Carrowmoyle. Huko kulikuwa na nyumba thelathini na nane, na karibu kila zizi lilikuwa na ng'ombe anayezaa. Ng'ombe aliyezaa hunywa kama kisima kilichogeuzwa.

"Maji ni kama mtoto mtundu," anasema. "Akipiga kelele unajua alipo. Akinyamaza, hapo ndipo uanze kukimbia."

Jumatatu kabla ya jua kuchomoza, wakati watu hawajafungua mabomba, alizunguka akifunga koki moja baada ya nyingine, huku akiangalia mita. Alipofunga ile inayopeleka maji Carrowmoyle, mshale ukatulia. Maana yake tundu lilikuwa katika kipande kimoja tu, mita mia tisa, kutoka barabara ya kanisa mpaka Carrowmoyle. Na kipande hicho chote hupita Currabeg.

Currabeg ni mojawapo ya vile vitano. Kabla ya njaa palikuwa na nyumba sitini na tatu. Sasa hapana hata moja, wala hapana mtu wa kukwambia kwamba mbele ya ukumbi wake ghafla pameota dimbwi. Na udongo wa huko ni mweusi, wa kinamasi, unameza. Unaweza kumwaga maji ya parokia nzima chini yake na usione tone juu.

Jumanne kamati ikamwita mhandisi kutoka mjini, Sorcha Devane, msichana mpole mwenye mashine za kusikilizia zenye thamani kubwa kuliko trekta. Akatandaza ramani ya mwaka 1974 juu ya boneti ya gari. Mstari ulikuwa mweusi, umenyooka kama uzi wa mshonaji, kutoka ukuta wa kanisa mpaka ukuta wa Carrowmoyle.

Mashine haikusikia kitu. Wakachimba shimo juu ya mstari, katikati ya kipande, kwenda chini futi nne. Hapakuwa na uvujaji. Hapakuwa hata na bomba. Wakachimba la pili hatua thelathini mbele, na la tatu. Udongo mtupu, haujaguswa tangu kuumbwa.

Fintan Tarpey, mwenyekiti wa kamati, alikuwa amesimama mikono mfukoni. Fintan ni mfugaji mkubwa, mnene, na maneno yake yana pilipili.

"Hata Musa aliupiga mwamba mara mbili tu," alimwambia Attracta. "Wewe na binti huyu mko mara ya tatu na hatujaona hata unyevu."

"Musa alikuwa na mtu wa kumwonyesha," alimjibu. "Sisi tumeonyeshwa na kamati."

Fintan alicheka, lakini kwenye kikao cha usiku ule hakucheka. Aliwaambia wajumbe kwamba bomba limepotea na muda hakuna. Ijumaa saa mbili asubuhi katapila litaingia Currabeg, lichimbe mtaro mpya kutoka ukuta mpaka ukuta, litandikwe bomba jipya la muda, na lile la zamani liachwe kwa wafu. Wajumbe wote wakainua mikono. Attracta naye akainua.

Kulikuwa na jambo moja dogo alilolisema. Aliuliza kama mzee Malachy Ruane ameulizwa. Malachy ana miaka themanini na tisa, na kati ya wanaume tisa wa Carrowmoyle waliochimba kipande kile kwa ujima ndiye pekee aliyebaki. Fintan akasema amekwishampigia simu. Mzee kasema bomba limenyooka kama ilivyo kwenye ramani, na kakata simu.

Jumatano ikapita hivyohivyo. Maji Carrowmoyle yakaanza kutoka kama uzi. Watu wakaanza kuteka maji kwa ndoo kwenye kijito kwa ajili ya ndama.

Alhamisi asubuhi Attracta alikwenda Currabeg peke yake, bila fimbo, bila mashine. Ardhi ilikuwa imeganda umande, nyeupe pee, na jua lilikuwa ndio kwanza linachungulia juu ya kilima, limelala chini kabisa. Mwanga wa namna hiyo hauji siku nyingi. Kila tuta la viazi lililolimwa kabla ya njaa lilisimama na kivuli chake.

"Nilikiona kijiji kizima," anasema. "Njia yao, bustani zao, mahali walipogawana mipaka. Kama mtu kafunua shuka."

Ndipo akaona kitu ambacho katika miaka ishirini na sita hakuwahi kukiona. Matuta yalikuwa yamekatwa. Mstari mmoja mwembamba uliyapita kama kisu kilivyopita katika mkate, ukitoka ukuta wa kanisa. Huo haukuwa wa kale. Ulikuwa mtaro wa bomba.

Akaufuata kwa miguu. Ulikwenda ukiwa umenyooka kama ramani isemavyo, kisha, hatua mia na hamsini ndani, ukaanza kuondoka kwenye ramani. Ukapinda kushoto. Ukapinda taratibu, ukazunguka kwa mbali kimuinuko kidogo chenye mti wa miiba na vijiwe vyeupe vilivyotawanyika, halafu ukaingia kwenye matete na kupotea.

Alisimama pale mpaka jua likapanda na umande ukayeyuka na kijiji kikazama tena. Kimuinuko kile alikijua. Kila mtu wa Carrowmoyle hukijua, na kila mtu hukizunguka bila kuambiwa na mtu. Wenyewe hupaita Lisheen. Alipokuwa mtoto, mama yake alimkataza kucheza hapo, na alipouliza sababu aliambiwa kuna upepo.

Zamani, na si zamani sana, mtoto aliyekufa huku kabla ya kubatizwa hakuzikwa makaburini kwa kanisa. Baba alimtia katika kisanduku, jua likizama akakibeba kwapani na koleo mkononi, akaenda mahali ambapo si pa mtu, kama Lisheen, akamlaza, akaweka jiwe. Hapakuwa na padri wala ndugu. Mama alibaki kitandani. Asubuhi baba alikamua ng'ombe kama siku zote, na nyumba ile haikulizungumza tena.

Attracta alirudi nyumbani, akafunga mkate wa soda kwenye kitambaa, akaenda kwa Malachy.

Mzee alikuwa jikoni, karibu na moto, kofia kichwani. Alimtazama, akautazama mkate.

"Binti wa Colman," alisema, "mtu akija na mkate Alhamisi, anataka kitu. Jumapili ningesema ni upendo."

Alimwambia nataka, lakini kwanza chai. Akaweka birika mwenyewe, maana anazijua kabati za nyumba ile. Waliongea kuhusu baridi, na ndama wa jirani aliyezaliwa amegeuka, na mwanasiasa mmoja aliyekuwa kwenye redio na ambaye Malachy alisema angeuzwa mnadani asingepata mnunuzi. Huku ndivyo watu wanavyoongea. Neno lenyewe huzungukwa kama ng'ombe mkali.

Mwisho Attracta akamweleza alichoona. Hakutaja Lisheen. Alisema tu kwamba mtaro unapinda kushoto kisha unapotea kwenye matete.

"Ramani inasemaje?" aliuliza Malachy.

"Ramani inasema umenyooka."

"Basi ndiyo hivyo."

Attracta alilichukua birika. Anasema wazee wa huku ukiwasukuma wanafunga kama koki yenye kutu, na ukitumia nguvu inavunjika mkononi. Akammiminia chai nyingine. Akamwambia kwamba ni sawa, kesho saa mbili katapila linaingia, litachimba kufuata mstari wa ramani, kutoka ukuta mpaka ukuta.

Mzee aliweka kikombe chini.

"Mstari wa ramani," alisema. "Unapita wapi, kwa hesabu yako?"

"Kushoto kidogo kwa mti wa miiba. Karibu na vijiwe."

Mzee alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe, kama mtu anayeangalia vyombo vya kazi alivyoazimwa na mwingine.

Kisha akasema. Alisema polepole, na mengi aliyasema akiuelekea moto. Kwamba mwaka ule wa 1974 mhandisi wa serikali alipiga mstari akiwa ofisini, na ruzuku ikatolewa kwa urefu wa mstari ule, futi kwa futi. Kwamba wanaume wa Carrowmoyle walianza kuchimba upande wa kanisa siku ya Jumatatu, na Jumatano saa tano wakafika mahali ambapo hatua arobaini mbele yao palikuwa na vijiwe.

"Tulikuwa tisa," alisema. "Hakuna aliyesema neno. Tulisimama tu, kila mtu kaegemea sululu yake. Halafu baba yako akavuka mtaro, akaenda kushoto, akapiga sululu ya kwanza. Hakugeuka kuangalia kama tunakuja. Tukaja."

Attracta alimwuliza kwa nini hawakumwambia mhandisi.

"Kumwambia nini? Kwamba njiani wamelala watoto wetu? Hata wake zetu hatukuwaambia, tumwambie mtu wa mjini mwenye kalamu?"

Bomba la ziada, futi mia moja na thelathini, walilinunua wenyewe. Colman aliuza ndama. Mhandisi aliporudi, mtaro ulikuwa umeshafukiwa, nao wakamwambia umenyooka. Aliandika umenyooka. Kwa miaka hamsini wanaume wale tisa waliendelea kusema umenyooka, na mmoja baada ya mwingine wakafa na uongo huo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya mwisho ilikuwa pale jikoni imevaa kofia.

Malachy naye alikuwa na mtoto wake mle. Ilikuwa Novemba 1962, mtoto wa kwanza, wa kiume. Mkewe Nonie, aliyefariki miaka sita iliyopita, alimwuliza mara moja tu katika maisha yao yote wapi alimlaza.

"Nikamwambia upande wa jua," alisema mzee. "Akasema vizuri. Hatukurudia."

Attracta alitaka kumwuliza kitu kingine. Baba yake alikuwa wa kwanza kuvuka mtaro, na mtu hauzi ndama kwa ajili ya vijiwe vya wengine. Mzee alimwona anafungua mdomo.

"Usiniulize nani alikuwa na nani mle," alisema. "Aliyetaka ujue angekwambia."

Hakumwuliza. Hadi leo hajauliza, na wazazi wake wote wawili wako makaburini kwa kanisa wamenyamaza. Anasema wakati mwingine akiwa anakamua huwaza kwamba yeye, aliyehesabiwa mtoto wa kwanza, huenda ni wa pili. "Haibadilishi kitu," anasema. "Ila nyumba ninaiona ina kiti kimoja zaidi."

Malachy akavaa gambuti. Ilichukua muda, na hakutaka kusaidiwa. Attracta akampeleka kwa gari mpaka lango la Currabeg, na kutoka hapo wakatembea, mzee akiwa ameshika mkono wake kwa nguvu kuliko alivyohitaji.

Pembeni ya matete alisimama, akaangalia kilima cha Tullyroe, akaangalia mnara wa kanisa, akasogea hatua mbili nyuma kama mtu anayepiga picha. Hapa kuna kona, alisema. Bomba la plastiki la siku zile halikupenda kupinda, kwa hiyo walilichemsha kwa maji ya moto kutoka birika la chai, wakalikunja juu ya goti la mtu na kulifunga kwa vibano. Fundi yeyote angewacheka.

"Goti la nani?" aliuliza Attracta.

"Langu. Nilikuwa na magoti wakati ule."

Attracta alimpigia simu Sorcha, na Sorcha akaja mbio. Mashine ilipowekwa mahali alipoonyesha mzee, ililia kabla haijashushwa vizuri. Wakachimba kwa makoleo, hawakuita katapila. Futi tatu na nusu chini, maji yakaja kuwapokea. Kona ilikuwa palepale, imekunjwa kwa mkono, na kibano kimoja kati ya viwili kilikuwa kimeliwa na kutu mpaka kikakatika katika ile baridi.

Kukibadilisha kulichukua dakika arobaini. Saa kumi na moja jioni maji yalipanda Carrowmoyle yakikohoa hewa, kwanza ya kahawia, kisha meupe. Mama mmoja alimpigia Attracta kulalamika kwamba yana ladha ya udongo. "Hapo nikajua kazi imekwisha," anasema. "Huku mtu akianza kulalamika ladha, ameshaacha kuogopa."

Fintan alisimamisha katapila usiku uleule. Aliambiwa sababu kwa simu. Kisha akasema kwamba bibi yake mzaa baba alikuwa wa Carrowmoyle, na kwamba dereva atalipwa siku yake bila kufanya kazi.

Ingeweza kuishia hapo, na kwenye parokia nyingi ingeishia hapo. Lakini bomba lina miaka hamsini, na mwezi wa sita mwaka huu kipande chote cha Currabeg kitang'olewa na kuwekwa kipya, kwa mashine, na kampuni kutoka kaunti nyingine. Mashine hufuata ramani. Sorcha alihitaji ramani mpya, na kwenye fomu yake, pale bomba linapopinda, kuna nafasi ya kuandika sababu.

Mjumbe mmoja alishauri waandike "mwamba". Ni neno zuri, alisema, halimwudhi mtu na halihitaji maelezo. Attracta, ambaye kwenye vikao hukaa nyuma na kusinzia, alisimama. Alisema wanaume tisa walidanganya miaka hamsini kwa sababu hawakuwa na ruhusa ya kusema kweli. Sisi tunayo. Kanisa lenyewe limebadilika, makaburi mangapi ya namna hii yamebarikiwa katika kaunti hii. Tukiandika mwamba, miaka hamsini ijayo atakuja mwingine mwenye mashine ya kuvunja mwamba.

Fintan alimgeukia Malachy, aliyekuwa ameletwa ukumbini na kukalishwa karibu na hita. Akamwuliza yeye angependa iandikwe nini.

"Andikeni watoto," alisema mzee. "Mashine ijue kupinda hata nikiwa nimekufa."

Ndivyo ilivyoandikwa. Gharama ya kuzunguka itaongezeka, na hakuna aliyeuliza kwa kiasi gani.

Tangu siku ile Attracta amejipa kazi ambayo halipwi. Siku za Jumamosi hutembea parokia na daftari la shule, akiandika kwenye ramani ya maji majina ambayo hayako kwenye ramani yoyote: shamba la fulani, kisima cha fulani, mahali palipokuwa na mhunzi, njia ya kwenda misani kabla ya barabara. Amekwishamaliza vijiji vinne kati ya kumi na kimoja. Anataka amalize vyote kabla hajastaafu, miaka saba ijayo, ili fundi atakayefuata asilazimike kusubiri umande ugande.

"Sitaki kuacha bomba tu," anasema. "Bomba linajua linakokwenda. Nataka kuacha na sababu zake."

Jumamosi iliyopita alikuwa Currabeg akipigilia vigingi ambavyo mwezi wa sita mashine itavifuata. Malachy alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini, akisimamia kazi ambayo hakuombwa kuisimamia. Kila kigingi alikipa maneno. Hiki kimelegea, kile kimekaa kama mlevi.

Alipofika kwenye kile kinachokaribia zaidi vijiwe, upande wa jua, mzee alinyoosha fimbo yake.

"Kisogeze nje hatua moja."

Attracta alimwambia pale ndipo bomba la zamani lilipopita, kapima mara mbili.

"Najua lilipopita, nililipitisha mimi," alisema Malachy. "Sogeza. Watoto ni wengi kuliko vijiwe."

Attracta akaking'oa kile kigingi, akahesabu hatua moja kwenda nje, kisha akaongeza ya pili, akakipigilia.